Sauti Ikikauka Zaidi ya Wiki Tatu, Fika Hospitalini
Mazungumzo kwa walimu, wachuuzi na makanga, Siku ya Sauti Duniani, Aprili 16



Mtu akipiga simu nyumbani, kabla hata hajamaliza salamu, mama humwuliza: "Mbona sauti yako leo si ile, unaumwa?" Mama hana kipimo chochote, lakini mara nyingi hakosei.

Mbele ya shingo kuna kisanduku kidogo kiitwacho zoloto. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Hewa inayotoka mapafuni huzitikisa, kisha koo, ulimi, mdomo na pua huigeuza sauti hiyo iwe maneno. Nyuzi za mwanamume mzima hutikisika kama mara 120 kwa sekunde, za mwanamke kama mara 200, na za mtoto mdogo kama mara 300, kwa kuwa ni fupi na nyembamba zaidi. Mvulana akibalehe, zoloto lake hukua kwa haraka, ndiyo maana sauti humvunjikia katikati ya sentensi. Asichekwe, hana ugonjwa.

Sasa hesabu kidogo. Mwalimu wa kike ambaye sauti yake imetoka kwa jumla ya saa mbili kwa siku, nyuzi zake zimegongana zaidi ya mara milioni moja. Anayepaza sauti ili kushinda kelele za darasa lililojaa, au za magari stejini, huzigonganisha kwa nguvu zaidi. Huota vinundu, kama vile kiganja cha mkulima kinavyoota sugu. Vinundu hivyo si saratani, na vingi hupungua mtu akipumzisha sauti na kufundishwa namna ya kuitumia.

Wengi hukimbilia tangawizi, ndimu na asali. Hakuna ubaya, hutuliza koo. Lakini kinachomezwa hupita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Kikizigusa, mtu hupaliwa.

Jambo linalostahili kusikilizwa zaidi ni hili: chanzo cha sauti kukauka chaweza kuwa mbali na koo. Neva inayoendesha uzi wa kushoto hutoka kichwani, hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, kisha hupanda tena mpaka kwenye zoloto. Katika safari hiyo ndefu, uvimbe wa mapafu, tezi zilizovimba kifuani au mshipa wenyewe uliotanuka waweza kuibana. Mgonjwa haumwi kifua, hana homa. Sauti tu imekuwa dhaifu, yenye pumzi nyingi. Kwa hiyo daktari akiagiza picha ya kifua kwa mtu aliyelalamikia sauti, asidhani amepotezewa pesa.

Kuna na mengine. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa uvivu, sauti huwa nzito na nene. Asidi ya tumbo inayopanda usiku humwamsha mtu na sauti ya kukwaruza asubuhi. Kifua kikuu chaweza kushika zoloto lenyewe. Ugonjwa wa Parkinson hufanya sauti iwe ya chini, isiyopanda wala kushuka, na jamaa hudhani mzee amekasirika. Sigara huvimbisha nyuzi, na ndiyo kisababishi kikuu cha saratani ya zoloto, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri.

Uchunguzi wenyewe si wa kutisha. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliliona zoloto lake mwenyewe akitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Siku hizi hutumika kioo kama hicho au kamera nyembamba inayopitishwa puani, na mara nyingi huchukua dakika chache tu.

Sauti iliyokauka kwa mafua hurudi yenyewe ndani ya siku chache. Ikipita wiki tatu, aanzie zahanati iliyo karibu aombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ataje kazi anayofanya, kama anavuta sigara, na kama amepungua uzito. Lakini anayekohoa damu, anayeshindwa kumeza, au anayepumua kwa mlio asisubiri wiki tatu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.