Chungu Nilichokiacha Bwenini

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya utamaduni. Mtumishi wa serikali akiombwa hivyo huleta takwimu. Mimi nimeleta chungu.

Chungu hiki ni cha Wakisi, kutoka Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, wilayani Kyela. Mama yangu ni wa huko. Wafinyanzi ni wanawake. Hawana mashine, udongo huzungushwa kwa mkono, huinuliwa taratibu, hulainishwa, hupambwa kwa rangi nyekundu na nyeupe za udongo, na huchomwa mahali pa wazi. Kisha vyungu hupakiwa mitumbwini kwenda soko la Matema.

Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1995, mama alinipa kimoja cha kuwekea maji. Wenzangu walikuja na madumu ya plastiki. Nilikisukuma chini ya kitanda, na muhula ulipokwisha nikakiacha huko huko. Nyumbani nilisema kimevunjika. (Maji ya dumu yalinuka plastiki, hilo sikulisema.)

Mwaka 2016 Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililotumika miaka mingi kama ofisi za serikali, lilifunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni, kwa juhudi za mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Nilipita humo nikiwa safari ya kikazi. Nikaona vikapu vya milulu, kazi ya akina mama wa Kihehe, vimewekwa kwa heshima ndani ya kuta ambazo babu zetu waliziingia kwa woga. Nilisimama pale mpaka dereva akaja kunitafuta.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ikombe, nikamweleza mama ukweli. Alicheka, akasema alijua.

Chungu hiki kimefinyangwa na mama yangu mdogo. Binti zake watatu wako Dar es Salaam, na hakuna aliyejifunza. Nimemwomba aje hapa muhula ujao awafundishe vijana kwa wiki mbili. Kwanza alishangaa, kwa kuwa hii ni shule ya wavulana. Kisha akakubali, mradi udongo utoke kwao. Udongo nitausafirisha mimi. Ninaloomba kwa Chama ni nauli yake, na kwa Mwalimu Mkuu, ile stoo iliyo nyuma ya karakana.