Mtaala Mmoja, Mifuko Tofauti



Ubora wa vitabu nawaachia walimu. Mimi nauliza hivi: kuwafanya watoto wote wa Kenya wafuate kipimo kimoja, gharama yake hulipwa na nani?

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, shule za msingi zilitakiwa kufundisha kilimo, sayansi kimu na kazi za mikono. Nia ilikuwa njema, mtoto aweze kujitegemea. Lakini karakana zilijengwa kwa harambee, yaani kwa jasho la wazazi. Ya shule niliyosoma ilifika kwenye linta ikaishia hapo. Useremala tulijifunza ubaoni, kwa chaki. Mtihani wetu hata hivyo ulikuwa ule ule wa wenye randa na msumeno.

Kisha ukaja Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini. Mtoto huagizwa rangi, manila, picha zilizochapishwa. Mzazi wa mjini huchapisha ofisini kwake. Mama wa kijijini hulipa nauli hadi sokoni kwa ajili ya kurasa mbili. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema elimu ya msingi ni bure!

Wako wanaojibu kwamba kipimo kimoja huleta usawa. Siwabezi. Ni jambo la heshima mtoto wa Turkana kupimwa kwa mizani ile ile ya mtoto wa Nairobi. Ila mizani haimlishi anayepimwa. Mtihani wa KCPE ulifanywa tangu 1985 hadi 2023, na kila mwaka ulituonyesha shule zilizoachwa nyuma. Kuonyeshwa hakukuezeka paa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi wasiitwe wakati wa kuchanga tu.

Kwa hiyo naomba kila jumuiya iandike mlichotozwa muhula huu, shilingi kwa shilingi, hata ile ya manila. Orodha hizo tutazipeleka pamoja mbele ya halmashauri za shule, kabla ya mchango mwingine kutangazwa.