Maua Tumepokea, Mshahara Je?

Oktoba 5 ni Siku ya Walimu Duniani, na simu zenu zitajaa picha za maua. Maua ni mazuri. Lakini wacha niwaambie, mimi niliyeshika chaki: siku hii huadhimishwa tangu 1994 kukumbuka waraka wa 1966 wa UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu haki za mwalimu. Haki, si maua.

Hapa kwetu, 2024 walimu wanagenzi wa JSS waligoma wakidai ajira ya kudumu. Walikuwa wanapewa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mimi nilikuwa mwalimu wa bodi. Wazazi wakichelewesha karo, nami nangoja. Mwenye duka alinijua vizuri sana, daftari lake shahidi!

Na ustadhi wa madrasa je? Huyo TSC haimjui kabisa. Anategemea ada ya watoto, na ada ndiyo tunayolipa mwisho, baada ya bando.

Kwa hivyo kabla hujapost picha ya ustadhi wako, iulize kamati ya madrasa yenu: mwezi uliopita alilipwa ngapi, na lini?