Mazoezi ya Mbio Ndefu Katika Nchi ya Ziwa

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wakimbiaji na wazazi wao)



Nimeombwa niseme machache juu ya mazoezi ya mbio ndefu katika sehemu zetu hizi za Migori na Homa Bay. Neno la kwanza alisikialo mkimbiaji wa huku si neno la mwalimu wake, bali ni swali la watu wa njiani: "Umeiba nini?" Mtu mzima akipita mbio alfajiri, hana mzigo, hana kuku mkononi, wala hapana basi analolikimbilia, jirani zake hawana budi kudhani kwamba liko jambo. Namjua kijana mmoja wa upande wa Rongo ambaye bibi kizee alimshika mkono, akamketisha kivulini, akampa uji, akamwambia, "Tulia, mjukuu wangu, hao waliokuwa wakikufukuza nimewatazama, hawapo tena." Kijana akanywa uji, akashukuru, akaondoka mbio vilevile, na yule bibi akapiga yowe kuwaita wanaume, kwa kuwa alidhani adui wamerudi.

Mwenye bodaboda naye hupunguza mwendo, akakualika upande bure. Hilo ni jaribu kubwa kuliko kilima chochote. Ukikataa, atakuuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Watoto wa shule ndio wabaya zaidi: hukupita na mifuko yao mgongoni, hawana viatu, kisha huketi kando ya njia wakikungoja, ili wapate raha ya kukupita tena.

Twacheka, lakini wako wengi walioacha mbio kwa ajili ya vicheko hivyo. Tena wasichana hawaulizwi wameiba nini. Wao huulizwa kuni ziko wapi, na maji atachota nani. Mzazi mwenye binti apendaye kukimbia, nakusihi umwondolee ndoo moja ya jioni, umpe kaka yake. Huyo kaka hatakufa. Binti aliyebeba maji kilomita tatu kisha akaambiwa afanye mazoezi, huyo amekwisha fanya mazoezi ya watu wawili, wala hapati shukrani ya hata mmoja.

Sasa nije kwenye udhuru ninaousikia kila mwaka: "Mwalimu, sisi si watu wa milimani." Ni kweli kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Iten ni kama mita 2,400. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili hujitengenezea chembe nyekundu za damu nyingi zaidi ili uipate hewa hiyo. Faida hiyo ni ya kweli, wala sitaificha. Lakini kumbukeni kwamba mpaka mwaka 1961 sisi na Wakisii tulikuwa wilaya moja ya Nyanza ya Kusini, na ni katika wilaya hiyo alimotoka Nyantika Maiyoro, aliyekuwa wa nne katika mbio za maili tatu huko Vancouver mwaka 1954, wa saba katika mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956, na wa sita huko Roma mwaka 1960. Naftali Temu, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968, alikuwa Mkisii pia.

Mtasema, Kisii nako ni milimani. Haya basi, vukeni mpaka wa Isebania mteremke hadi Musoma. Hapo karibu, katika nchi ya Majita, kandokando ya ziwa hilihili letu, alizaliwa Suleiman Nyambui. Mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Na mwaka 1987 na 1988 alishinda marathoni ya Berlin. Chuo alichosomea Marekani kiko El Paso, mji ambao kimo chake karibu ni sawasawa na cha ziwa letu. Mtu aliyezaliwa hapo na kusoma hapo, nani atamwambia kwamba kilima ndicho kilichokosekana?

Kinachotukosesha sisi, kwa maoni yangu, ni haraka. Kijana huanza Jumatatu, na Ijumaa anataka kushinda. Hata Maiyoro mwenyewe alionja jambo hilo huko London mwaka 1954: aliondoka kwa kasi akawaacha wenziwe mbali, kisha Freddie Green na Chris Chataway wakamfikia na kumpita, wakamaliza wote wawili kwa dakika 13 na sekunde 32.2, muda uliokuwa bora kuliko wowote duniani. Naye akawa wa tatu. Basi siku nyingi za juma kimbieni polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzenu bila kuhema. Siku moja iwe ya mwendo mrefu, siku moja au mbili za kasi, na siku moja mlale. Wa Homa Bay wanacho kilima cha Asego mlangoni pao. Wa Awendo wanazo njia za mashamba ya miwa, ila wajihadhari na matrekta. Wa Lambwe, mvua ikinyesha, nawapa pole, maana udongo ule mweusi hushika kiatu hata kila mguu ukawa mzito kama jembe.

Joto lisiwatishe mno. Mwili ukilizoea kwa muda wa majuma mawili hivi, hutoa jasho mapema, na maji ya damu huongezeka. Ila anzeni kabla ya jua, na mnywe maji.

Jambo nililolihofia tangu nilipoanza kusema ni malaria. Watani hupenda kusema kwamba mji wetu una homa hata katika jina lake, ijapokuwa jina hilo ni la mlima. Vijidudu vya malaria huziharibu zilezile chembe nyekundu ambazo mkimbiaji huzitafuta kwa jasho la miezi. Kijana mmoja niliyemfahamu alificha homa yake kwa siku tatu ili asikose mashindano. Alianguka katika mzunguko wa nane. Alilazwa juma zima, akapona kwa rehema ya Mungu, lakini ilipita miezi miwili kabla hajaweza kupanda kilima bila kusimama. Mwenye homa asikimbie. Aende kupimwa damu siku ileile, amalize dawa zote, tena arudi kwa kutembea kwanza.

Na yule aliyeniuliza kabla ya mkutano kama fedha zake kidogo anunulie viatu au chandarua, jibu langu ni chandarua. Viatu vya mitumba atavikuta sokoni hata mwezi ujao.