Umati Ukihama Upande: Ufadhili wa Utafiti wa Ngoma, Shinyanga hadi Geita

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma hayana jaji wa kugawa alama. Makundi mawili hasimu, Bagalu na Bagika, huanza kupiga kwa wakati mmoja, kila kundi na upande wake wa uwanja, na watazamaji huchagua kwa miguu. Huku wakirusha majembe juu na kuyadaka, watu wanakimbilia huku. Kule akitokea mchezaji na chatu shingoni, umati unahama. Mshindi ni yule ambaye jua likizama bado amezungukwa na watu.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayeomba ufadhili leo huulizwa jambo lilelile kwa maneno mazito zaidi: muziki huu una athari gani kwa jamii, na utazipimaje ndani ya miaka mitatu? Mada hii inashauri kwamba huku Usukuma jibu lianzie kwenye vipimo ambavyo wenyeji tayari wanavyo.

Aliyekwenda mbali katika njia hiyo ni Mmarekani Frank Gunderson. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Wesleyan ya mwaka 1999 ilihusu vyama vya kazi na muziki Usukuma, na mwaka 2010 alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Humo wamo wawinda tembo, wacheza nyoka, wapagazi waliotembea hadi pwani, na wakulima. Ukikisoma unaona wazi kwamba ngoma ilikuwa nguvu kazi. Katika bugobogobo, ngoma ya kulima, vijana hujipanga mstari shambani, ngoma inatangulia, majembe yanashuka kwa pamoja; anayechelewa pigo anaonekana na kila mtu. Pamba ilipopanda chati miaka ya 1950, vikundi kama hivyo vilikodiwa kulima. Hapo athari ya muziki ilihesabika kwa ekari, na malipo yakawa ng'ombe, pombe au fedha.

Je, kijana wa bugobogobo akiacha jembe na kwenda mgodini?

Mgodi wa almasi wa Mwadui umekuwapo tangu 1940. Kisha ikaja migodi mikubwa ya dhahabu: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni yake maelfu ya wachimbaji wadogo, wanaapolo, wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na kugawana mifuko ya mawe badala ya mshahara. Juu, mashine za karasha zinasaga mawe mchana kutwa. Kikosi cha duara kina kiongozi, zamu, mgawo na imani zake kuhusu bahati. Kwa sura kinafanana mno na kikundi cha kulima. Kama kinaimba, kinaimba nini, na kwa lugha gani, maana Geita Msukuma huchimba bega kwa bega na Mha na Mkurya? Hilo ni swali la tasnifu nzima, nalo linahitaji mtu anayejua Kisukuma cha ndani, kile cha mafumbo, ambacho hakisomeki kwa kozi ya wiki sita.

Fedha nazo zina pande zake. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, kampuni za madini hupanga miradi ya jamii pamoja na halmashauri, na ni rahisi kuona zahanati na madarasa yakipewa kipaumbele. Hakuna ubaya mgodi ukilipia utafiti wa ngoma, ila mtafiti awe na mkataba unaomruhusu kuandika hata yasiyompendeza mlipaji. Venezuela inatosha kuwa funzo. Mpango wao wa okestra za vijana, El Sistema, ulioanza 1975, ulisifiwa dunia nzima hadi Geoffrey Baker alipochapisha utafiti wake mwaka 2014 na kuonyesha ukali na ubaguzi uliofichwa na sifa hizo.

Tena athari za kijamii hazionekani kwa haraka. Huko Kisesa, mkoani Mwanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imefuatilia wakazi kuhusu virusi vya UKIMWI tangu 1994. Eneo hilohilo ndilo lenye Bujora, kituo cha utamaduni alichokijenga Padri David Clement. Watafiti wa afya wamepewa miongo mitatu, wa ngoma wanapewa miaka mitatu, kisha tunashangaa matokeo yao ni mepesi!

Kuna pia deni la zamani. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, Wasukuma wakiwemo, na kanda zake zikahifadhiwa Afrika Kusini. Gunderson mwenyewe alishiriki kuhariri kitabu cha mwaka 2019 kuhusu kuurudisha muziki kwa wenyewe. Bajeti yoyote ya utafiti Shinyanga au Geita iwe na fungu la kazi hiyo, pamoja na posho ya waimbaji wanaotoa siku zao.

Na mwezi wa kwanza wa ufadhili uwe Juni, msimu wa tamasha la ngoma la Bulabo pale Bujora. Mwanafunzi aache dodoso nyumbani, asimame katikati ya uwanja, aandike nani amehama upande, saa ngapi, na kwa wimbo upi.