Bei ya Kalamu na Jasho la Fundi

(Nakala ya mada iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Isha, mbele ya waumini na baadhi ya mafundi seremala, Tanga)



Shukrani zote njema anastahiki Allah (Sw), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (saw), jamaa zake, masahaba wake na kila anayefuata uongofu wao. Ama baad.

Ndugu zetu waumini, mada ya leo huenda ikaonekana ndogo mno kuzungumzwa mahali hapa. Tunataka kuzungumzia namna ya kuweka bei ya kalamu ya mti iliyotengenezwa kwa mkono. Tunaomba mtuvumilie, kwani ndani ya kalamu hiyo ndogo tuliiona dhulma, na waliodhulumu ni sisi wenyewe.

Tulivyoagiza kalamu 60

Mwaka 2024 sisi walimu wa madrasa tulitafuta zawadi za vijana walioshiriki mashindano ya kuhifadhi Qur'an. Tulimwendea fundi mmoja kijana, aliyepata kusoma kwetu, ambaye hukereza kalamu kwa mabaki ya mninga, msaji na mpingo. Alitutajia 15,000 kwa kalamu moja. Tukamwambia: "Kijana wetu, hii ni kazi ya Allah, si biashara. Tufanyie 10,000." Aliinamisha kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa, maalim, kama mmesema nyinyi." Tukatoka tukiwa na furaha kwamba tumeokoa fedha za madrasa.

Baada ya miezi mitatu tulipita tena kwake. Mashine ya kukerezea haikuwapo. Tulipouliza, alitujibu kwa adabu kwamba ameiuza ili alipe deni la vyuma vya kalamu alivyovichukua dukani kwa mkopo. Vyuma hivyo ndivyo vilivyokuwa ndani ya kalamu zetu.

Tulikaa naye juu ya ubao, tukaomba daftari, tukafanya naye hesabu ambayo tulipaswa kuifanya kabla ya kufungua midomo yetu.

Hesabu ya fundi

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Kipande cha mti hukatwa, kisha hutobolewa tundu kwa urefu wake. Ndani ya tundu hutiwa gundi na mrija mwembamba wa chuma. Ikikauka, kipande hufungwa kwenye mashine, kikakerezwa kwa patasi hadi kipate umbo, kikapigwa msasa mkavu na kisha mlaini, kikapakwa nta. Mwisho ndipo hutiwa ncha, wino na kibanio cha mfukoni. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, na ugumu wake huila patasi upesi. Fundi akiharakisha kuutoboa hushika moto na kupasuka. Kwa hiyo si kila kipande kinachoanza safari huwa kalamu.

Ili kupata kalamu zetu 60, fundi alianza na vipande 66, kwani sita vilipasuka. Matumizi yake yalikuwa haya: vyuma na wino vya kalamu 60, shilingi 360,000, mti, gundi, msasa na nta kwa vipande 66, shilingi 66,000, mirija iliyoharibika pamoja na vile vipande sita, 6,000, umeme, kunoa patasi na matengenezo ya mashine, 50,000, vijisanduku 60, shilingi 30,000, nauli ya kufuata vifaa na kutuletea mzigo, 8,000. Jumla ni shilingi 520,000. Sisi tulimpa 600,000. Kilichobaki ni 80,000.

Sasa tazameni muda. Kila kipande kilimchukua saa moja na nusu, kikiwemo kile kilichopasuka. Vipande 66 ni saa 99, yaani siku 12 za kazi na zaidi. Gawanyeni 80,000 kwa siku 12, mtaona hazifiki hata 7,000 kwa siku. Seremala tunayemwita nyumbani kutengeneza mlango tulikuwa tukimlipa 20,000 kwa siku, wala hatukumwambia kuwa ni kazi ya Allah. Kijana huyu ana mke na watoto wawili. Katika siku hizo 12 walikula fedha iliyopasa kurudi dukani, na deni likabaki likimngoja.

Kama tungemhesabia ujira wa seremala, siku 12 ni 240,000. Ukijumlisha na matumizi unapata 760,000, ambayo kwa kila kalamu ni karibu 12,700. Hapo bado hatujataja faida. Ile 15,000 aliyoitaja mwanzo, ambayo sisi tuliiona kubwa, ingemwachia 140,000 kwa kalamu zote 60, za kumsaidia siku zisizo na mteja na kununua patasi nyingine. Alikuwa ametutajia bei ya haki, nasi hatukumuuliza ameipataje.

Bei rahisi si alama ya uchamungu

Ndugu zetu, tulipokuwa masomoni tulisoma mlango wa biashara katika vitabu vikubwa vya fiqhi. Tulijua kwamba sharia haikuweka kikomo cha faida. Tulisoma habari ya Urwa al-Bariqi (ra), aliyepewa na Mtume (saw) dinari moja anunue kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Mtume (saw) hakumlaumu, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Tulisoma pia kwamba bei zilipopanda Madina, Mtume (saw) aliombwa kuzipanga akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna mtu anayemdai dhulma.

Tulijua pia kwamba sharti la biashara ni kuridhiana. Lakini wanazuoni wametahadharisha juu ya mali inayochukuliwa kwa kumtia mtu haya, wakaifananisha na inayochukuliwa kwa nguvu. Mwanafunzi wetu alikubali kwa sababu tulisimama mbele yake na vilemba vyetu, tukalitaja jina la Allah katikati ya mapatano ya bei. Je, huko ni kuridhia? Akitaka kutoa sadaka, ni juu yake kuitoa kwa hiari. Hatuna haki ya kuikata sadaka hiyo mfukoni mwake kisha tukaiita punguzo.

Linganisheni na mwenendo wa sahaba Jarir bin Abdillah (ra). Imepokewa kuwa alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi alimfuata muuzaji, akamweleza kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akawa anampandishia bei hadi ikafika 800. Alifanya hivyo kwa kuwa alikula kiapo mbele ya Mtume (saw) cha kumtakia kheri kila Muislamu. Mnunuzi huyo alipandisha bei, na sisi tuliishusha.

Nasaha kwa mafundi

Nanyi mafundi, sehemu ya lawama ni yenu, kwani wengi huweka bei kwa kumtazama jirani anauza ngapi. Andikeni kila kinachotoka mfukoni. Vipande vilivyoharibika navyo viingie katika hesabu, pamoja na saa za kupiga msasa, ambazo wengi huzisahau. Jiwekeeni ujira kama ambavyo mngemlipa mtu mwingine, kisha ndipo muongeze faida. Ujira na faida ni vitu viwili. Asiyevitenganisha hudhani anapata kumbe anakula mtaji. Mkipeleka kalamu kwa mwenye duka akuuzieni, patana naye mapema fungu lake, na fungu hilo liwe ndani ya bei tangu mwanzo.

Wala msishindane na kalamu za plastiki, kwani hamtaziweza kwa urahisi. Mnunuzi wa kalamu ya mti hununua kazi ya mkono, kitu cha kumpa mzazi, mwalimu au bwana harusi. Mwonyesheni kazi hiyo naye ataielewa bei.

Lakini bei ya haki inataka bidhaa ya haki. Wapo wanaochukua mti laini, wakaupaka dawa ya viatu nyeusi, wakauuza kwa jina la mpingo. Mtume (saw) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta ndani mna maji, alimkemea mwenye nafaka kwa kuuficha unyevu chini. Rangi inayoficha mti ni unyevu ule ule. Vilevile mgeni asiyejua bei za soko asitozwe maradufu kwa sababu ya ugeni wake. Ni amana mikononi mwenu.

Tulivyorejesha haki

Baada ya hesabu ile tuliitisha kikao cha walimu. Tulikubaliana kumrejeshea 5,000 kwa kila kalamu, jumla 300,000, na tukamwomba radhi. Alitusamehe, Allah amlipe kheri. Lakini mashine ilikwishauzwa, na fedha tuliyompa haikutosha kununua nyingine. Hivi sasa anakodi mashine ya mwenzake siku ambazo mwenyewe haitumii. Hilo tunalibeba.

Tangu siku hiyo, madrasa yetu ikiagiza kitu kwa fundi yeyote, awe wa kalamu, wa rehali au wa madawati, tunamwomba kwanza atusomee hesabu yake, ndipo tunazungumza bei. Tunawausia wenye kamati za misikiti na madrasa wafanye hivyo, na tunamwusia kila mmoja wetu anapotaka kusema "punguza kidogo" ajiulize anakipunguza nini, faida ya mtu au chakula cha watoto wake.

Allah atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na kula jasho la wengine. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.