Mnara wa Mfalme Alfred

Leo twataka kuwachukua hata Uingereza, si mjini London, bali mashambani, karibu na mpaka wa majimbo ya Somerset na Wiltshire. Huko, juu ya kilima chenye miti mingi, uko mnara wa matofali uitwao Mnara wa Mfalme Alfred.

Aliyeujengesha ni tajiri mmoja mwenye benki, jina lake Henry Hoare, nao ulimalizika mwaka 1772. Kimo chake ni futi 160 hivi, kama minazi miwili mirefu iliyopandana. Una pembe tatu, na kila pembe ina mnara mdogo wa duara. Katikati ni mtupu: ukisimama chini na kuinua macho, waona mbingu.

Kwa nini ukajengwa hapo? Mwaka 878 Wadenmark walikuwa wameingia katika nchi ya Wessex kwa nguvu, na Mfalme Alfred alikuwa amejificha vinamasini pamoja na watu wachache. Baada ya Pasaka alitokeza, akawakusanya watu wake penye Jiwe la Egbert. Na wenyeji husimulia ya kuwa lilikuwa karibu na kilima hiki. Siku mbili baadaye waliwapiga adui zao huko Edington, wakawashinda. Maandishi ya juu ya mlango yataja mwaka 879, lakini wenye elimu ya historia wasema ni 878.

Basi tukapanda. Ngazi yazunguka ndani ya pembe moja, ina vipandio 205, nayo ni nyembamba tena ya giza. Hata tulipotoka juu, upepo ulitupiga usoni, tukaona mashamba na vijiji vya Somerset, Wiltshire na Dorset.

Lakini mwaka 1944, wakati wa vita, ndege iliugonga mnara huu katika ukungu, na watu watano waliokuwamo wakafa. Mnara uliojengwa ili watu waone mbali, siku ile wenyewe haukuonekana. Kilele kilichovunjika kilikaa hivyo mpaka mwaka 1986, helikopta ilipopandisha jiwe jipya la kilo 300.

Tuliposhuka tuliyashika matofali kwa mikono. Mlangoni pameandikwa sifa za mfalme. Waliofinyanga udongo na kuuchoma hawakutajwa. Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, mkiona jengo la kale karibu nanyi, msiulize jina la mwenyewe tu. Waulizeni wazee ni nani waliolijenga, na ni nani waliopatikana na msiba hapo, mkayaandike.